Lavinia Kelleth, Mke wa Ambrose

Ndugu, jamaa na majirani mliofika leo, tarehe 21 Novemba 1891, katika kanisa hili la Aldersyke, kabla hatujaanza tunamwomba kila mmoja wenu ajenge picha moja kichwani mwake, ya kanisa hilihili, miaka kumi na miwili iliyopita, siku jeneza la Ambrose Kelleth lilipopitishwa hapa katikati, na kule nyuma kabisa, kwenye benchi la watumishi, kati ya mpishi na mfuaji nguo, amesimama mwanamke aliyevaa kofia nyeusi ya kawaida, ile ya kwendea msiba wa jirani, wala si kofia ya mjane yenye ukingo mweupe, kitabu cha nyimbo amekishika bila kukifungua, na anamtazama mumewe akipita. Mwanamke huyo ndiye tunayemzika leo, na waliomweka kwenye benchi lile ni sisi watu wa ukoo wake, kwa hiyo tunaisoma historia hii tukiwa na huzuni, na aibu yetu ni kubwa kuliko huzuni.

Marehemu Lavinia Mary alizaliwa tarehe 14 Machi 1828 katika nyumba kubwa ya Aldersyke, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa hayati Roger Thirlaby, Lodi Aldersyke wa tatu, na mkewe hayati Charlotte, akitanguliwa na kaka yake Godfrey, ambaye ndiye Lodi wa sasa na amekaa nasi hapa mbele, na dada yake Adela, aliyekuwa pacha wa roho yake ingawa walipishana miaka miwili.

Shule hakupelekwa, kwa kuwa mabinti wa nyumba kama ile hawapelekwi, bali alifundishwa ghorofani na mwalimu wa nyumbani, Bi Pruett, akajifunza kusoma, hesabu, Kifaransa, kinanda na kushona, na kila Jumapili baada ya ibada watoto wote watatu walisimamishwa mbele ya ukuta wa ukumbi mrefu, palipochorwa mti wa nasaba ya akina Thirlaby, wakawa wanakariri majina kuanzia kwa baba yao na kurudi nyuma hadi kwa yule askari wa farasi aliyepewa ardhi hii na mfalme. Siku moja, akiwa na umri wa miaka minane hivi, Lavinia alinyoosha mkono akauliza, "Bi Pruett, mbona akina mama hawana matawi?" na Bi Pruett, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamjibu, "Wavulana ndio matawi, mwanangu, wasichana ni maua, ua likichumwa linakwenda kupamba nyumba ya watu," naye Lavinia akafikiri kidogo akasema, "Na wakilichuma halafu wakaja kusema halikuchumwa?" Adela akamkanyaga mguu ili anyamaze, na Godfrey akacheka mpaka akanyimwa keki ya jioni. Kisa hicho tulikisimulia mezani kwa miaka mingi kama kichekesho, na pengine mmewahi kukisikia, lakini sisi hatukisimulii tena kwa kucheka.

Kuhusu kazi, marehemu hakuajiriwa popote, ila kwa miaka mingi alifundisha wasichana wadogo wa kijiji hiki shule ya Jumapili, na baadhi yenu mliokaa humu mlijifunza herufi kwake, na kwa sababu ya mwandiko wake mzuri baba yake alimkabidhi kazi ya kunakili kila mwaka habari za ukoo, nani amezaliwa, nani ameoa, nani amefariki, ili zipelekwe London kwa wachapaji wa kile kitabu kinene cha koo za malodi, kitabu ambacho katika nyumba zetu hukaa mezani karibu na Biblia, na ukweli ni kwamba hufunguliwa mara nyingi kuliko Biblia.

Tarehe 6 Juni 1850 dada yake Adela aliolewa na Ambrose Kelleth wa Hagg Beck, ng'ambo ya mto huu, na tarehe 9 Februari 1853 akafariki kwa homa ya uzazi, akiacha mtoto mchanga, Cecily, ndipo Lavinia akafunga sanduku lake akaenda Hagg Beck kumlea mtoto wa dada yake, akamlea kwa miaka mitatu bila kuombwa wala kushukuriwa, na katika kumlea huko yeye na Ambrose wakapendana, kama ilivyotarajiwa na kila mtu mwenye macho. Sasa sheria ya nchi hii, tangu mwaka 1835, inasema kuwa mwanamume hawezi kumwoa dada wa marehemu mkewe, kwa maana shemeji huyo anahesabiwa kuwa dada yake wa damu, na ndoa ya namna hiyo ni batili hata ikifungwa na askofu, lakini watu wa tabaka letu walikuwa na njia yao, walipanda meli, wakafunga ndoa nje ya nchi, wakarudi wakiamini kwamba ndoa iliyo halali kule ni halali na huku. Ndivyo walivyofanya Lavinia na Ambrose, wakaoana tarehe 17 Juni 1856 mjini Neuchâtel, Uswisi, mbele ya mchungaji na mashahidi wawili, na waliporudi, Godfrey mwenyewe aliwapokea kwa mkono wake, na kitabu cha London kikaandika kwamba Lavinia Mary ameolewa na Ambrose Kelleth.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Basil, aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 1858, na mwaka 1861 waamuzi wakuu wa London wakaamua kwamba ndoa hizo za ng'ambo nazo ni batili kwa Mwingereza, hivyo mtoto akalala ana baba na mama waliooana, akaamka ni mtoto wa nje ya ndoa, ilhali dada yake Cecily, aliyekula naye uji meza moja, alibaki kuwa binti halali. Nyumbani kwao hakuna aliyeambiwa kitu, Lavinia aliendelea kuwapakia mkate siagi kwa unene uleule, na watoto hawakujua.

Walijua mwaka 1869. Mwaka uliotangulia Godfrey alikuwa amepata mchumba wa binti yake Maud, mrithi wa nyumba kubwa kuliko yetu, na mama wa kijana huyo alikuwa mtu wa kupitisha kidole juu ya kila jina la nasaba kama apimaye vumbi, basi Godfrey, bila kumuuliza dada yake, alipeleka London habari mpya za ukoo, na kitabu kilipotoka kilisema kwamba Lavinia Mary hakuolewa. Basil alikuwa shuleni, ana miaka kumi na mmoja, na wenzake, wanaokisoma kitabu kile kama watoto wengine wanavyosoma hadithi, walimzunguka uwanjani wakamwambia, "Wee Kelleth, kumbe mama yako bado binti wa nyumbani! Sasa wewe uliokotwa wapi, kwenye kapu la nguo chafu?" naye akapigana na watatu, akarudishwa nyumbani mdomo umepasuka, akamuuliza mama yake swali moja tu, yeye ni nani.

Lavinia alivaa koti akavuka mto kwa miguu hadi Aldersyke, akamkuta kaka yake na wifi yake Georgiana wakinywa chai, na kwa kuwa waliokuwapo bado wako hai, tunayasema yaliyosemwa. Godfrey alimwambia, "Lavi, dada yangu, mimi nimekusitiri, ningeandika nini? Sheria haina neno la heshima kwa mtu kama wewe," naye akajibu, "Neno lipo, kaka, ni mke, na wewe ulikula keki ya harusi yangu," na Georgiana akasema, "Jamani, chai inapoa." Hapo Lavinia akaomba jambo ambalo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuliomba, akasema, "Basi nifute kabisa, Godfrey, andika kwamba sikuzaliwa, maana nikiwa sikuzaliwa hakuna atakayemuuliza mwanangu baba yake ni nani, lakini nikiwa nimezaliwa na sikuolewa, kila mwaka mnamtukana upya." Godfrey alikataa, kwa hoja kwamba binti akitoweka kwenye nasaba watu watauliza maswali, na Maud akaolewa, na neno lile likachapwa tena mwaka uliofuata, na uliofuata, hadi leo.

Tarehe 30 Oktoba 1879 Ambrose alifariki, na kwa kuwa kisheria Hagg Beck hurithiwa na mwanamume wa ndoa halali tu, haikwenda kwa Basil bali kwa binamu yake Ambrose kutoka Lincoln, aliyefika akihesabu madirisha kabla maiti haijatoka. Usiku wa kuamkia mazishi Georgiana alimpelekea Lavinia ujumbe, kwa upole wote, kwamba mwanamke ambaye hakuolewa hawezi kuvaa kofia ya mjane mbele ya wageni waheshimiwa, na kwamba ingekuwa vyema asikae benchi la mbele. Lavinia aliivua ile kofia, akaenda kusimama kule nyuma, mpishi akasogea kumpisha, akamnong'oneza, "Njoo hapa, mama, hapa hatusomi vitabu," na wengi wetu tuliokaa mbele tulimwona tulipogeuka, tukageuka tena upesi.

Baada ya hapo marehemu na mwanawe walihamia nyumba ya kupanga mjini Ripon, Basil akaingia kazi ya kupima njia za reli, kazi ambayo haimuulizi mtu nasaba, na Cecily, aliyeolewa karibu na hapo, hakuacha kumwita mama. Marehemu alianza kuugua moyo majira ya baridi ya mwaka jana, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, na mwezi uliopita Godfrey alikwenda kumwona, akiwa na kapu la zabibu za nyumba yake ya vioo ya kuoteshea matunda, na marehemu alipoliona akasema, "Zabibu tena, kaka? Ninyi mkikosa la kusema mnaleta zabibu." Akamuuliza, "Nikufanyie nini, Lavi?" akajibu, "Nisomwe," akauliza, "Usomwe wapi?" akajibu, "Kanisani, mbele za watu, yote, na ndoa yangu," akasema, "Georgiana atasemaje?" akajibu, "Atasema chai inapoa," na wakacheka pamoja, kisha Godfrey akalia, naye akamwambia, "Usinililie, kaka, wewe nisome tu." Alifariki tarehe 17 Novemba 1891, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mwanawe.

Godfrey aliandika London siku ileile aliyorudi kutoka Ripon, na wachapaji wakamjibu kwa adabu kwamba wao hufuata sheria, na kwamba kitabu cha mwaka ujao kimekwisha kuingia mitamboni, kwa hiyo mwaka ujao neno litakuwa lilelile, na hatuna uwezo wa kulifuta tulilolipanda wenyewe. Tulichoweza ni kidogo, kwamba kwenye bamba la jeneza limeandikwa jina la Kelleth, kwamba kichwani amevikwa kofia ya mjane, na kwamba tukitoka hapa Basil atatangulia wote nyuma ya jeneza la mama yake, na Lodi Aldersyke atamfuata.

Tunamshukuru daktari wa Ripon aliyepanda ngazi zile kila siku, majirani wa mtaa ule waliomletea supu bila kuuliza yeye ni nani, wapimaji wenzake Basil waliolibeba jeneza kutoka kituo cha treni, kasisi aliyekubali kuandika daftarini jina tulilomwomba, na yule mpishi wa Hagg Beck, ambaye ni mzee sasa na amekaa leo benchi la mbele.

Lavinia, dada yetu na mama yetu, lala sasa kando ya mumeo, utulivu tuliokunyima upewe na aliye mkuu kuliko sisi. Nanyi mliotusikiliza, tunawaomba mkumbuke jambo moja, mkilikuta jina lake katika kitabu kile mezani kwa mtu, na mkaona kilivyoandika, mwambieni mwenye meza, kwa upole, kwamba aliolewa.