Mzee Mikanda na Mlango wa Chumba cha Mashine

Marehemu, ambaye wengi walimjua kwa jina la Mzee Mikanda, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu. Alisoma hadi mwaka 1965, baba yake alipofariki, akaenda kufagia ukumbi wa zamani wa sinema, ule wenye ngazi za mawe.

Mwaka 1973 alikabidhiwa mashine ya kuonyeshea filamu. Ukumbi ulipofungwa, ni yeye aliyewakusanya majirani mwaka 1994, wakaupaka rangi na kuanzisha klabu ya filamu. Kila Jumamosi alasiri, filamu ikiisha, hakuna aliyenyanyuka mpaka yeye ateremke kutoka chumba cha mashine atoe maoni yake. Mara nyingi alisema, "Ndefu," akaketi.

Tarehe 12 Agosti 1978 alimwoa mkata tiketi wa ukumbi huo. Alimposa kupitia kidirisha cha tiketi, na foleni ikapiga kelele: "Mjibu basi, dada, tuingie!"

Miaka ya mwisho macho yalimtupa mkono. Alimwambia mkewe tu. Makopo ya mikanda aliyatambua kwa mpangilio wake rafuni. Tarehe 15 Juni 2024 kamati ya klabu ilisafisha chumba cha mashine, ikayapanga upya makopo bila kumwambia. Alasiri hiyo sehemu ya nne ya filamu ikatangulia ya tatu. Mtu aliyekwisha kuzikwa akaonekana anakunywa chai. Watu walicheka mpaka machozi. Kamati haikumuuliza kitu. Ilibadilisha kufuli, na barua ya kumwachisha kazi ikaletwa na kijana ambaye Mzee mwenyewe alimfundisha kazi kwa mkono wake.

"Wangeniuliza tu," alisema. Iliuma, na bado inatuuma.

Jumamosi ishirini na nane alikaa kwenye ngazi za nje, akisikiliza filamu kupitia mlango. Wanachama walimsalimu, wakapita. Tarehe 3 Januari 2025 alipatwa na kiharusi, akafariki tarehe 17, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Juzi kamati iliomba mwili uagwe ukumbini. Mkewe aliwajibu: "Alipokuwa anasikia hamkumfungulia. Sasa mnamfungulia nani?" Ndiyo maana tumemtoa nyumbani moja kwa moja hadi hapa makaburini.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Klabu nayo iliomba itajwe miongoni mwa wafiwa. Mjane amekataa.

Mungu ampe pumziko la amani.