Zachariah Obwocha na Nukta Nyekundu Iliyosogea

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya fizikia ya chuo chetu hapa Nyamache, Bwana Zachariah Obwocha anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Alikuja kuosha chupa. Anaondoka akiwa fundi mkuu, na chupa bado anaziosha mwenyewe kwa sababu hamwamini mtu.

Miaka kumi na tisa ya utumishi huo aliitumia kwenye utando wa kioo, mwembamba kuliko unywele. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Mwanga wa leza unaingizwa ndani ya utando, mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii yanapitishwa juu yake, mwanga unapinda, na nukta nyekundu ukutani inasogea. Kueleza ndiko rahisi.

Jirani yetu ni Mzee Omosa, mwenye mashine ya kusaga mahindi. Ikinguruma, meza ya maabara hutetemeka na nukta hupotea. Mashine huanza kabla hatujafungua na kunyamaza tukishafunga, isipokuwa Jumamosi, maana Omosa ni Msabato. Bwana Obwocha naye ni Msabato, tena mzee wa kanisa. Siku pekee ambayo jaribio lingefaulu, wawili hao walikuwa benchi moja wakiimba.

Msaidizi wake, Nyanchera, ni Mkatoliki. Jumamosi aliiona nukta ikisogea, na Jumatatu alimletea picha. Bwana Obwocha alizibandika ukutani, akaandika ripoti zilizosifiwa hadi Nairobi kuhusu jambo ambalo hakuwa amewahi kuliona, kisha akarudi kwenye meza yake inayotetemeka. Tulipomshauri amwombe Omosa azime mashine kidogo, alijibu kwamba watu hawali mwanga.

Alhamisi iliyopita Nyanchera alivuka ua bila kumwambia Bwana Obwocha, akaomba mashine izimwe kidogo. Omosa alishangaa kwamba ni dakika kumi tu, na kwamba hakuna aliyewahi kuuliza. Akazima. Akina mama waliokuwa foleni na mabeseni yao walikuja maabara kuona kilichowachelewesha. Bwana Obwocha akawasha sauti, na nukta ikasogea upana wa kidole. Mama mmoja akauliza kama ni hiyo tu. Akasema ndiyo, mama, ni hiyo tu, akavua miwani na kulia mbele yetu sote.

Bwana Obwocha, asante. Kila mwaka tuliusifu uvumilivu wako, kwa kuwa ulituepushia kuvuka ua. Utusamehe. Nenda ukapumzike nyumbani Magwagwa na mkeo, Mama Kerubo, na Mungu akuzidishie siku njema.