Fundi Aliyejifunga Vidole

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, kwa niaba ya familia nimepewa heshima, mimi kitindamimba, ya kuwasomea maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Bawaba, na naomba mnisamehe pale nitakapocheka, maana yeye mwenyewe asingevumilia kusomewa na mtu aliyenuna.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mhunzi na msuka mikeka, akaanza shule ya msingi mwaka 1959, akajifunza useremala kwa mjomba wake, na mwaka 1971 akaajiriwa katika karakana ya hospitali, alikotengeneza milango, madirisha na vitanda hadi alipostaafu mwaka 2011. Huko ndiko alikoanza mtindo wake wa kupima kazi kwa mwili wake mwenyewe: kabla ya kukabidhi mlango alibeba ndoo mbili zilizojaa maji akajaribu kuupita, kabla ya kupigilia kabati la watoto alipiga magoti awe kimo chao, na wauguzi walizoea kumkuta amekaa kwenye kiti cha magurudumu akigombana na kizingiti.

Mtaani nako hakutulia. Jirani yetu Mama Mapacha, kwa kuwa alikuwa na mtoto kila mkono, alitengenezewa na Baba komeo la jikoni la kusukuma kwa kiwiko, na kabla wiki haijaisha mbuzi wake naye akawa amelielewa, akaingia, akala unga wote, ndipo Baba akalipandisha juu kidogo huku akisema, "Kosa langu, sikumpima mbuzi."

Tarehe 6 Novemba 1976 alifunga ndoa na mama yetu, muuza vitambaa, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu tisa. Ila kinyozi hajinyoi: mlango wa kwetu ulisukumwa kwa bega miaka nenda miaka rudi, na kila Mama alipolalamika aliambiwa, "Kesho, mke wangu," kesho ambayo sisi watoto tuliikuta na tukakua nayo.

Ikafika mwaka 2022, vidole vya Mama vilipokakamaa kwa ugonjwa wa viungo, na Februari iliyofuata Baba naye akaambiwa na daktari kwamba moyo wake umechoka na hautapona. Sisi watoto tulikaa kikao sebuleni, tukaamua kwamba siku Baba akitangulia, Mama atahamia kwa kaka yetu mkubwa, kwa sababu hawezi kufungua koki, droo wala mlango wake mwenyewe. Mama alitusikiliza hadi mwisho, akasema, "Mimi si kabati, wanangu, hamnihamishi," kisha akalia.

Kesho yake tulimkuta Baba amejifunga vidole vyote kwa bandeji na vijiti ili visikunjike, anahangaika na koki ya jikoni huku akitukana kimyakimya, na tangu siku hiyo hakuna alichokitengeneza nyumbani bila kukijaribu kwanza kwa mikono ile iliyofungwa: koki akaipa mkono mrefu, droo akazitia vitanzi vya kitambaa, madirisha yote akayabadilishia makomeo. Pumzi ikimkatika alikaa kwenye kigoda, Mama akamsukumia bakuli la skrubu pamoja na lawama: "Hiyo bado ngumu, mzee, usinidanganye." Mlango wa mbele aliumaliza mwisho, siku chache kabla ya kulazwa, na tarehe 9 Aprili 2024, alfajiri, akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliomhudumia katika wodi yenye milango aliyoitengeneza mwenyewe, wakamvumilia alipoikosoa, tunawashukuru mafundi wenzake waliolichonga jeneza lake, na majirani ambao tangu msiba uanze hamjaacha jiko letu lipoe, akiwemo Mama Mapacha, aliyekuja bila mbuzi.

Leo asubuhi, wakati wa kumtoa Baba nyumbani, sote tuliukimbilia mlango, Mama akatuzuia kwa jicho moja tu, akaweka kifundo cha mkono juu ya kishikio, akabonyeza, mlango ukafunguka, naye akasimama kando mumewe apite. Kaka mkubwa, huku machozi yanamtoka, aliniambia kile chumba alichomwandalia Mama atakifanya stoo.

Mama anabaki nyumbani kwake, Baba. Weka chini nyundo, upumzike kwa amani.