Maji ya Masika: Maisha ya Ernesti Kaleb Hiza, 1936–1984

Leo ni Jumamosi. Kwa miaka minane, kila Jumamosi, Mama Raheli Hiza alikaa kibarazani kwake Korogwe akisikiliza basi la Handeni likipunguza mwendo kwenye kona. Tangu katikati ya Januari basi limekuwa likipita bila kumshusha mtu wake. Leo amepanda gari yeye, akaja Kwemgunga, kijiji alichoapa kwamba hatakikanyaga, kumzika mumewe.

Marehemu Ernesti Kaleb Hiza alizaliwa tarehe 3 Juni 1936 huko Vuga, Usambara, mtoto wa pili wa Mzee Kaleb Hiza, fundi cherehani, na Mama Hosiana. Alikuwa bado mdogo wazazi wake waliposhuka tambarare na kuhamia Chanika, Handeni. Nyumbani alisema Kishambaa, mtaani Kizigua. Kule mlimani maji husikika kabla hayajaonekana. Handeni alikuta watu wanaamka alfajiri kuyafuata.

Alisoma shule ya msingi Handeni, ya kati Korogwe na sekondari Tanga. Mwaka 1957 aliajiriwa Dodoma kuwa msaidizi katika idara ya jiolojia. Siku zile udongo ulipimwa kwa shabaha moja, kutafuta madini ya kupeleka ng'ambo. Mchanga wa mito ulitiwa dawa za kubadili rangi, na rangi ikafuatwa hadi kwenye mwamba wenye shaba au dhahabu. Mchanga usioonyesha kitu ulimwagwa. Hakuna aliyeuliza mchanga huo ungesema nini juu ya watu wanaokunywa maji ya mto ule.

Mwaka 1962, Uhuru ukiwa haujatimiza mwaka, alipelekwa Moscow kusomea jiokemia. Elimu hiyo ilikuwa changa hata huko. Wanajiolojia waliiona ni kazi ya wakemia, wakemia wakaona ni kazi ya wavunja mawe, na walimu wake walikuwa wametumia ujana wao kuitafutia nafasi yake. Walimfundisha kwamba ardhi si ghala la madini tu. Kila kilichomo kiko safarini: jiwe linalika, linakuwa udongo, maji yanaubeba, mmea unaunyonya, mtu anaula.

Aliporudi mwaka 1968, mama yake alimkalisha jikoni.

"Hebu niambie, mwanangu. Ulisomea nini hasa?"

"Udongo, mama. Namna chumvi inavyotoka kwenye jiwe, ikaingia kwenye maji, mpaka ikafika kwenye mfupa wa mtu."

"Miaka sita? Na udongo wenyewe ndio huu ninaoupalilia?"

Marehemu alipenda kuwasimulia wanafunzi kisa hicho. Alisema katika mitihani yake yote, hakuwahi kuulizwa swali gumu kama lile.

Tarehe 12 Desemba 1970 alifunga ndoa na Mwalimu Raheli katika kanisa la Kilutheri, Korogwe. Siku ya posa, alipokaribishwa maji, aliyaonja polepole, akayazungusha mdomoni, akamwambia baba mkwe kwamba nyumba yake imekaa juu ya mwamba mwema. Mzee akawageukia ndugu zake: "Jamani, huyu amekuja kuposa binti au kisima?" Mungu aliwajalia watoto wawili, Eliasi na Filomena.

Kisha ukaja mwaka 1974, mwaka wa Operesheni ya Vijiji. Watu waliokuwa wametawanyika mashambani walitakiwa kukaa pamoja, wapate shule, zahanati na maji. Marehemu aliiamini siasa hiyo kwa moyo wake wote. Kwa mara ya kwanza, alisema, elimu yake ilikuwa inatafuta kitu kwa ajili ya watu waliopo. Mwezi Mei, masika yakiwa yamekolea, aliletwa hapa Kwemgunga kupima kisima kipya. Maji yalikuwa matamu. Alimwomba kiongozi wa Operesheni wasubiri kiangazi, apime tena.

"Ndugu Hiza," alijibiwa, "malori yameshapangwa. Maji ni mabaya?"

"Leo ni mazuri."

"Basi tuambie leo."

Akawaambia. Alisimama mkutanoni, akasema kwa Kizigua, akajaza kikombe na kukinywa mbele ya watu wote. Waliohama kwa kusitasita walihama kwa ajili ya kikombe kile.

Septemba alipita tena. Mama mmoja, Bi Mwantumu, alimkaribisha na kumpa maji. Aliyaonja, akakuta ni ya chumvi. Maji ya mvua yalikuwa yameelea tu juu ya maji ya chumvi. Mvua ilipokwisha, yale ya juu yalikwisha.

"Kunywa, mwanangu," Bi Mwantumu akamwambia. "Ndiyo yale yale uliyotunywea mkutanoni."

Alikwenda wilayani, akaenda mkoani, akaomba kijiji kihamishwe. Aliambiwa nyumba zimeshajengwa na shule imeshaezekwa. Mwaka 1976 aliomba uhamisho kutoka Dodoma hadi idara ya maji, akajenga nyumba hapa Kwemgunga, akawa anachota maji katika kisima kile kile.

Mama Raheli alimwambia mbele ya ndugu, bila kuficha: "Wewe unakunywa kosa lako. Mimi na watoto tunywe la nani?"

Hakumlazimisha. Mama Raheli alibaki Korogwe na watoto na kazi yake ya kufundisha. Ndoa yao ikawa ya Jumamosi na Jumapili. Kila alipoondoka alimjazia dumu la maji ya Korogwe, angalau siku mbili tatu asinywe chumvi.

Hapa Kwemgunga marehemu alifanya kazi kubwa kuliko zote za maisha yake. Alipima visima vya Handeni kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, masika na kiangazi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu walikuja, wakalala sakafuni kwake, na baadhi yao wapo hapa leo. Aliwakataza kusema "maji ya kisima hiki" bila kutaja majira. Kwa kufuata chumvi ilivyopungua kuelekea mlimani, alipata mkanda wa udongo mwekundu juu ya kijiji, na mwaka 1979 kikachimbwa kisima kitamu. Lakini wakati huo nusu ya watu walikuwa wamesharudi kwenye mahame yao, makazi waliyoyaacha mashambani, na baadhi ya waliobaki walikuwa wamezika watoto. Yeye mwenyewe aliendelea kuchota kile cha chini, kwa sababu cha juu hakitoi maji mengi.

Mwaka 1981 alionekana kuwa na shinikizo la damu. Daktari alimsihi aache maji ya chumvi. Watu waliposema kisima ndicho kilichomharibia moyo, aliwakatalia: "Mtu mmoja si kipimo. Msiwatie watu hofu kwa ajili yangu." Tarehe 16 Januari mwaka huu alipata kiharusi, akalazwa Tanga. Mama Raheli alikuwa kitandani pake hadi alipofariki, Jumanne tarehe 7 Februari 1984, alfajiri.

Juzi wanawake wa Kwemgunga walifika Korogwe kutoa pole. Bi Mwantumu alimshika Mama Raheli mkono. "Mwanangu, maji yako tumeyanywa sana." Ndipo Mama Raheli alipojua kwamba yale madumu yote marehemu aliyagawa kwa waliojifungua. Alilia, kisha akawaambia wazee wa ukoo waliotaka mwili upelekwe Vuga: "Atazikwa kwao. Kwao ni kule."

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, mama yake Hosiana na dada yake Amalia. Bwana aliyempa kiu ya kujua, sasa amnyweshe na kumpumzisha.

Mzee Mbwana Mhina, mzee wa kijiji hiki, na wanakijiji walitaka kumpa heshima ya kulala kwenye udongo mwekundu, kando ya kisima cha juu. Lakini hospitalini, kwa ulimi uliokuwa mzito, alikuwa amemwambia mkewe: "Si kule juu kisimani, Raheli. Maji yanashuka. Msinizike juu ya maji ya watu." Kaburi lake limechimbwa chini ya kijiji, kwenye udongo mweupe wa chumvi.