Natalie Wariara Thuo, Aliyezuiwa Mara Mbili Njiani

9 Machi 2008 – 16 Julai 2025

Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na Cheptoo Kiplimo, mwanafunzi mwenzake wa Kidato cha Tatu, kwa ombi la mama mzazi wa marehemu. Turi, Ijumaa, 25 Julai 2025.

Marehemu Natalie Wariara Thuo alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Machi 2008, ndani ya hema, katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Alikuwa kifungua mimba wa Bw. Thuo Mwaura na Bi. Cate Wachuka. Wazazi wake walikuwa wamefurushwa kutoka shamba hili tulilokusanyika leo, na nyumba yao ilikuwa imechomwa mwezi wa Januari, katika ghasia zilizofuata uchaguzi. Mama anasema siku hiyo mvua ilinyesha, akamfunga mtoto kwa shuka mbili na koti la mwanamke wa hema la pili ambaye hakuwahi kujua jina lake. Akiwa na miezi minne Wariara alianza kuugua pumu. Wiki hii yote ya matanga nimesikia watu wakisema kwamba pumu ni mipango ya Mungu. Naomba wasiseme hivyo tena mbele ya mama yake.

Kabla sijaendelea, wapo wanaouliza kwa nini wasifu huu hausomwi na mtu wa ukoo. Jumanne, kamati ya mazishi ilipokaa hapa nyumbani, Mzee Maina, ndugu yake baba wa marehemu, alisema hivi nikiwa nimeketi hapo na kikombe cha chai mkononi: "Wasifu husomwa na jamaa. Huyu msichana ni wa watu gani?" Mama Wariara akamjibu, "Ni wa watu waliokuwa na mtoto wangu kwa gari. Wewe ulikuwa wapi?" Ndiyo sababu ninasoma mimi.

Marehemu alianza masomo hapa Turi mwaka wa 2013, familia ilipokuwa imerudi na kujenga upya. Alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 2022, akapata alama 371. Mnamo Februari 2023 alijiunga na Shule ya Upili ya Wasichana ya Bonde la Juu, upande wa Olenguruone. Nilimkuta bwenini siku ya kwanza akijaribu kufunga sanduku lililovunjika bawaba. Nilishika upande mmoja, naye akaketi juu yake, likafungika. Akaniuliza kama ninakoroma. Nikamwambia sijui, huwa nimelala. Alicheka mpaka akatafuta inhela yake, ile pampu ya dawa ambayo hakuiacha popote. Ndivyo nilivyojua kwamba ana pumu, na tangu siku hiyo nilijifunza kumsaidia: akae wima, mabega yalegee, tuhesabu pamoja.

Kule shuleni kuna diski, kibao cha mbao kinachovishwa anayeshikwa akizungumza lugha ya nyumbani. Sisi wawili tulikuwa tukifundishana lugha zetu, yake Kikuyu na yangu Kikalenjin, kwa siri nyuma ya maktaba. Siku moja mwalimu wa zamu, Bi. Jepchumba, alitufumania. Wariara alikuwa akinieleza kwa Kikalenjin namna ng'ombe wao alivyokula vitunguu vya jirani, nami namjibu kwa Kikuyu kibovu kabisa. Bi. Jepchumba alisimama pale na diski mkononi. "Sasa nimvishe nani?" akauliza. "Hakuna aliyeongea lugha ya kwao." Wariara akasema, "Mwalimu, labda utusahihishe tu." Bi. Jepchumba alimsahihisha maneno mawili, akaenda na diski yake.

Kuhusu kazi: marehemu hakuajiriwa popote. Alikuwa na miaka kumi na saba. Lakini alifanya kazi, na nataka ijulikane. Mwaka jana alichaguliwa kiranja wa bwalo la chakula. Tulikuwa tumezoea kuketi kwa makabila. Wakikuyu walikaa karibu na madirisha, Wakalenjin karibu na jikoni, na wengine wote, Wakisii, Wajaluo, Waluhya, walijibana katikati. Hakuna mwalimu aliyetuamuru tuketi hivyo. Tulikuja nayo kutoka nyumbani, kama tulivyokuja na magodoro. Wariara alichukua orodha ya nambari za usajili, akagawa meza kwa nambari, akabandika karatasi mlangoni. Siku tatu alitukanwa na kila upande. Wa kwao walimwita msaliti. Wa kwetu wakasema anatupeleleza. Msichana mmoja alimmwagia maharagwe kwenye sketi na kusema ni bahati mbaya. Wariara alienda akabadilisha sketi, akarudi kwenye meza ileile, akaketi kando ya msichana yuleyule.

Kufikia wiki ya pili, ugomvi wa bwaloni ulikuwa juu ya nani amepewa kipande kikubwa cha nyama Ijumaa. Wasichana mia nne na kumi na wawili walihitaji wiki mbili. Ninawatazama wazee walioko hapa, wa pande zote, na ninauliza ninyi mmehitaji miaka mingapi.

Hapa ndipo wasifu huzungumzia ndoa. Marehemu hakuolewa. Alisema ataolewa akimaliza kusomea udaktari wa mifugo, na kwamba bwana harusi sharti awe mtu asiyeogopa ng'ombe. Sina la kuongeza hapo, kwa sababu hamkumpa nafasi.

Mwanzoni mwa mwezi huu wa Julai ng'ombe kumi na mmoja waliibwa, kisha ghala la viazi likachomwa, kisha karatasi za vitisho zikatupwa kwenye vituo vya magari. Mnayajua haya kuliko mimi. Vijana waliweka vizuizi vya mawe na magurudumu yanayowaka kwenye barabara ya kwenda Molo, upande mmoja wakiweka chao na upande wa pili wakiweka chao. Jumapili tarehe 13, wazazi walianza kuja shuleni kuchukua wasichana. Mzee Maina alikuja na pikapu akiwa na orodha ya majina.

"Wariara, panda," alimwambia. "Wako wote wamepanda."

"Wangu ni akina nani?"

"Usinichezee, msichana. Panda tuende."

"Cheptoo pia anaogopa. Anaweza kupanda?"

Mzee Maina alinitazama, akasema gari limejaa. Halikuwa limejaa. Wariara alisema, "Basi nitangoja baba," akarudi bwenini. Nilimfuata nikamgombeza, nikamwambia aende. Nilimwambia yeye ni mjinga. Hayo ni maneno yangu na ninayabeba.

Jumatano tarehe 16, saa tatu asubuhi, pumu ilimshika darasani. Asubuhi hiyo upepo ulileta moshi wa magurudumu hadi shuleni. Inhela haikumsaidia. Muuguzi wa shule alimpa dawa aliyokuwa nayo, akamsikiliza kifua, akasema apelekwe hospitali ya Molo mara moja. Dereva wa shule, Bw. Owuor, alileta gari mlangoni. Muuguzi aliniuliza kama ninaweza kwenda naye kwa kuwa nilijua kumtuliza, nami nikapanda kabla hajamaliza kuuliza. Tuliondoka saa tatu na dakika arobaini. Kutoka shuleni hadi hospitali ni mwendo wa dakika hamsini.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa cha watu wetu.

"Boss, zima gari," kijana mmoja alimwambia Bw. Owuor.

"Niko na mgonjwa, kijana yangu. Mtoto hapumui."

"Tumeskia. Mgonjwa wa wapi?"

Niliteremsha kioo. Niliwajua wawili kati yao. Mmoja ni mtoto wa shangazi yangu, Kipkemboi, ambaye alinifundisha kuendesha baiskeli.

"Cheptoo?" alisema. "Unafanya nini na hawa?"

"Huyu ni rafiki yangu. Tafadhali, toa mawe."

"Anaitwa nani?"

"Natalie."

"Jina ya nyumbani."

Nikasema Cherop, jina la kwetu. Nilidanganya bila kupepesa macho. Kipkemboi alikaribia kuamini, kisha akaona sweta. Mama yake Wariara alikuwa amelishona jina kifuani kwa uzi mweupe, N. Wariara, lisiibwe bwenini. Kipkemboi alilisoma kwa sauti. Wenzake wakacheka. Walisema gari lisubiri mpaka mkubwa wao aje. Gurudumu lilikuwa likiwaka hatua nne kutoka dirishani. Nilifunga vioo vyote, nikamfunika uso kwa skafu iliyolowa maji. Bw. Owuor alishuka, akapiga magoti mbele ya watoto wa umri wa wanawe. Tulikaa hapo dakika arobaini na tatu. Huyo mkubwa hakuja. Walichoka tu kututazama, wakaondoa jiwe moja.

Kizuizi cha pili kilikuwa cha watu wa Wariara.

Nilidhani tumeokoka. Nilimwambia, "Sasa ni wenu, watatupitisha." Alikuwa haongei tena, lakini alitikisa kichwa.

Mwanamume mwenye rungu alichungulia ndani. "Mgonjwa apite," alisema. "Huyu mwingine ni nani?"

"Ni wanafunzi wangu wote wawili," Bw. Owuor alijibu.

"Sijakuuliza wewe. Msichana, unaitwa aje?"

Nilisema jina langu, kwa sababu muda ule sikuwa na nguvu ya kubuni lingine. Akafungua mlango. "Shuka. Gari iende, wewe ubaki uongee na sisi."

Nilitaka kushuka. Naapa mbele ya jeneza hili, nilishatoa mguu mmoja nje, ili yeye afike hospitali. Wariara alinishika mkono, akakataa kuuachilia. Hakuwa na pumzi ya kusema neno moja, lakini vidole vyake havikufunguka. Nilijaribu kuvifungua nikashindwa. Yule mwanamume alivuta upande wake, na Wariara akavuta upande wake. Hayo yalichukua dakika ishirini na sita, huku Bw. Owuor akiwasihi na kulia, mpaka mmoja wao akachungulia tena na kusema, "Ngoja. Huyu si mtoto wa Thuo?" Ndipo mawe yakaondolewa. Ndipo wakaanza kupiga kelele, "Haraka, haraka!"

Tulifika hospitali saa sita kasoro dakika ishirini. Madaktari walitukimbilia mlangoni na kufanya walichoweza. Saa sita na dakika ishirini walisema ameaga dunia. Daktari alimuuliza Bw. Owuor kwa nini tulichelewa hivyo. Alipoambiwa, aliketi sakafuni.

Tangazo la gazetini linasema marehemu alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Nimekataa kulisoma hivyo. Alikuwa amewahi kushikwa na pumu mara nyingi, vibaya kuliko hivyo, na kila mara alifika hospitali akarudi. Safari hii alizuiwa. Alizaliwa hemani kwa sababu ya ujinga huu, na miaka kumi na saba baadaye ujinga huohuo ukamngoja barabarani.

Ijumaa tarehe 18, mimi na baba yangu, Mzee Kiplimo, tulienda kituo cha polisi kuandikisha taarifa. Nilimtaja Kipkemboi na yule mwenzake. Baba yangu aliniuliza mara moja tu, "Una hakika?" Nikamwambia ndiyo, akatia sahihi chini ya yangu. Tangu siku hiyo shangazi yangu hazungumzi nasi, na majirani wameziba njia tunayopitishia ng'ombe kwenda mtoni. Baba ameketi pale nyuma, ukingoni mwa hema. Hakuna aliyemsogezea kiti mbele, ila mtoto Mwaura, mdogo wake Wariara, alimpelekea chai, na Mungu ambariki.

Marehemu Wariara ameacha baba yake, Bw. Thuo Mwaura, mama yake, Bi. Cate Wachuka, ndugu yake mdogo, Mwaura, wa Gredi ya Sita, nyanya yake, Bi. Wariara, aliyempa jina, baba yake mdogo, Mzee Maina, Bw. Owuor, ambaye tangu siku ile hajaendesha gari, wanafunzi na walimu wa Bonde la Juu, na mimi. Mama ndiye aliyeniambia nijiandike humu. Mzee Maina aliona karatasi hii jana kabla haijaenda kuchapishwa. Alisoma mpaka mwisho, akanirudishia, akasema, "Usitoe kitu." Ninamshukuru kwa hilo.

Limebaki jambo moja, kisha nitaketi. Afisa anayeshughulikia kesi anasema hana jina hata moja la kizuizi cha pili. Nyuso zao nazikumbuka, majina siyajui. Lakini ninyi mnayajua. Watatu wako hapa, na mmoja wao jana alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Nilimwona ameshika koleo, naye aliniona, akainama akaendelea kuchimba. Jumatatu saa tatu asubuhi mimi na Mama Wariara tutakuwa kituoni. Mimi nimewataja wa kwetu. Watajeni wa kwenu.

Wariara, binti wa Thuo na Wachuka, rafiki yangu, lala kwa amani.