Fuwele Zina Wenyewe

Nyuma ya jengo moja la maabara mjini Trieste kuna benchi ambalo bora, ule upepo mkali wa baridi wa mji huo, haulifikii, ndiyo maana uvivu umestawi hapo. Hukaa mafundi watatu na birika lao la kahawa: Livio, aitwaye Pipeti kwa kutoa maneno tone kwa tone, Dario, aitwaye Askofu kwa kuwa kazi yake ni kubariki kazi za wenzake, na Nerina, asiye na jina la utani kwa sababu hao wawili wanamwogopa. Wameajiriwa kuotesha fuwele za protini, miale ya eksirei ipate kupiga picha ya umbo la protini hiyo. Tangu kiangazi hakikuota kitu. Leo asubuhi kisahani kimoja kimeamka kinameta, na Profesa alishasema zamani: mkataba utakaoongezwa ni mmoja, wa atakayeziotesha.

— Kisahani nilikiandaa mimi, — Nerina alisema kabla hajaketi. — Asijitokeze mtu.

— Kuandaa! Hata wahudumu wa mkahawani huandaa visahani, — Livio alicheka. — Nani alipitisha sharubu la paka kwenye matone ili fuwele zipate pa kuanzia? Nililala kifudifudi chini ya kitanda cha mama mkwe kumkamata yule paka. Mtaka cha uvunguni sharti ainame!

— Paka mwenyewe ana upele, — Dario alisema. — Kilichootesha ni subira. Haraka haraka haina baraka. Mimi sikugusa kitu tangu kiangazi.

— Hilo tunalijua, Askofu.

— Protini ina haya, dada. Ukiichungulia kila siku inajificha. Niliipa faragha.

— Basi mkataba apewe marehemu babu yangu. Naye hajaichungulia.

— Yule paka alizaliwa siku upepo wa bora ulipong'oa paa la kanisa, — Livio alisema. — Ana umeme mwilini!

— Nami nilikuwa nikiziimbia zaburi mlangoni pa friji.

— Faragha gani hiyo yenye kwaya? — Nerina aliuliza.

Wapuuzi watupu. Ila kilichomkera zaidi ni kwamba hata yeye hakujua kwa nini zimeota.

Akaja Mirela, fundi mpya wa ghorofa ya juu, na kikombe chake mkononi.

— Hongereni. Mmeshabonyeza moja kwa sindano?

Dario akaanza kukoroga kahawa yake isiyo na sukari.

— Maana fuwele ya protini husagika kama jibini, — Mirela alisema. Ya chumvi hupasuka. Na chumvi nayo humeta.

Hilo hulijua hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Walikuwa na shughuli ya kugombea.

— Kusema kweli, — Livio alikohoa, — paka hakufika kwenye kisahani hicho.

— Mimi nilishasema sikugusa kitu, — Dario akadakia. — Si alikiandaa Nerina?

Nerina akaingia ndani. Chini ya hadubini aliibonyeza kubwa kuliko zote. Ka! Akabonyeza ya pili. Ka! Chumvi tupu.

Alirudi uso umetulia.

— Laini kama jibini, — alisema. — Na mimi sitaki ugomvi. Paka au zaburi, amueni wenyewe. Profesa yuko ofisini.

Waliinuka pamoja.

— Sharubu, bwana! Sharubu!

— Bila utulivu wangu ungeambulia nini?

Wakakwama mlangoni bega kwa bega, wakasukumana, wakapotea ngazini.

— Zilikuwa laini kweli? — Mirela aliuliza.

— Zimepasuka kama kioo, — Nerina alisema, akimmiminia kahawa iliyobaki. — Kaa, dada. Hawatakawia kurudi.