Tulivyokataa Kunyamaza Maktabani

Nawasalimu kwa jina la Yesu, ndugu zangu, na sifa zote nampa yeye, maana humu ndani wamo walionizika nikiwa hai.

Nilikuwa mkulima wa pamba kule Magu. Soko lilipofanywa huria, kila mwenye duka akawa muuza dawa za wadudu. Sospeter aliniuzia dawa ya kupulizia kwenye chupa isiyo na maelezo yoyote. Ikanirukia usoni, macho yakaenda. Namtaja kwa sababu duka lake bado liko wazi.

Mimi na mke wangu tukahamia Mkolani, karibu na mji. Ndugu zangu, mimi nilikuwa mtu wa gazeti. Darasa la nne tu, lakini gazeti likifika kijijini ni mimi niliyewasomea wenzangu. Sasa nikawa mtu wa kusogezwa na kiti chake kufuata kivuli. Mliniombea macho, hayakufunguka, mkasema sina imani.

Mke wangu Milembe akanipeleka maktaba ya mjini, ambako magazeti yanasomwa bure. Yeye kusoma alijifunzia ukubwani. Asipotoa sauti, herufi zinamtoroka. Hata habari moja hajamaliza, msimamizi akatujia. Ni Mzee Bundala, huyo huyo aliyekaa pale kwenye benchi la wazee wa kanisa.

"Mama, hapa ni kimya. Halafu kipofu na maktaba wapi na wapi? Mpeleke akaombewe."

Watu wakacheka. Nikarudi nyumbani, nikaapa sitoki tena.

Asubuhi moja nikiwa katika maombi, machozi hayakuja, ikaja hasira, na ninaamini Mungu ndiye aliyeileta. Nikasema, Bwana, leo sikuombi macho. Nataka gazeti.

Tukarudi. Nikamwambia Milembe, "Soma kama unaita ng'ombe." Akaanza habari ya bei ya pamba. Bundala akaja mbio.

"Mzee, si nilishakwambia?"

Mtu wa meza ya pili akamkata. "Mzee Bundala, hebu subiri kwanza. Mama, rudia hapo pa bei."

"Na usiruke maneno, mayu," akasema mwingine, akimwita mama kwa Kisukuma.

Nikasikia viti vinaburutwa kuja kwetu. Kumbe si sisi tu tuliokuwa tunahangaika na yale maandishi.

Bundala akatutaka tuhamie barazani. Nikamwambia barazani ni pa kungojea mvua ikatike, mimi nimekuja kusoma. Na wale wengine wakagoma kurudi mezani kwao. Mwisho akatufungulia chumba kilichojaa viti vibovu. Tulikifagia wenyewe. Kila Jumamosi Milembe anatusomea mle kwa sauti, mlango umefungwa, wapenda kimya wanakaa na kimya chao.

Lakini ngazi za mbele ya maktaba bado ni kikwazo. Dada yetu Tabu wa magongo juzi alizipanda akijiburuta, watu wakimtazama tu. Bundala, nakwambia mbele ya kanisa: Jumamosi tunakuja kumwaga zege, tutengeneze mteremko. Usaidie au ukae pembeni.

Namshukuru Mungu aliyenitoa mafichoni. Nanyi mliofichwa majumbani na ndugu zenu wenyewe, mtumainieni yeye, mje. Mwenye miguu aje na beleshi.